Upatu wa zamani katika vazi jipya la sarafu za kidijitali

LITUHI ipo kaskazini mwa mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Mkoa wa Ruvuma, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, jirani na Wilaya ya Ludewa. Kwa miaka mingi habari na bidhaa zilifika huko kwa meli, kwa mtumbwi au kwa barabara ya vumbi itokayo Kitai, na mvua kubwa ilitosha kuchelewesha shehena kwa siku kadhaa.

Tangazo la “wekeza leo, vuna kesho” halina shida hiyo. Linafika kwenye simu ya mvuvi wa Lituhi sekunde ile ile linapofika kwenye simu ya karani wa Kariakoo, likiwa na picha ile ile, ahadi ile ile na namba ile ile ya kutumia fedha. Tofauti ni kwamba karani ana mshahara mwingine mwisho wa mwezi, na mvuvi hana.

Wakazi wa mwambao huo wanaishi kwa fedha za vipindi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka nyavu huanikwa na kipato husimama. Kwa ndugu zao wa milimani Mbinga, kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka na malipo huja kwa msimu kupitia vyama vya ushirika. Fedha hiyo ikishaingia mkononi, ndani yake kuna ada ya shule, nyavu mpya, mbolea na bati la nyumba. Anayeipoteza hasubiri mwezi ujao, bali mwaka ujao.

Ndiyo maana ni muhimu kueleza kwa lugha iliyo wazi jinsi ulaghai wa uwekezaji wa mtandaoni unavyofanya kazi, kwa nini matangazo mengi ya sarafu za kidijitali yanapotosha, na mwananchi afanye nini kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Ujanja wenye umri wa zaidi ya karne

Pamoja na maneno mapya yanayotumika, msingi wa ulaghai huu ni wa kale. Mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alidai kwamba alikuwa akinunua hati za majibu ya posta kwa bei ya chini nchi za nje na kuzibadilisha Marekani kwa bei ya juu. Ukweli ni kwamba biashara hiyo haikuwapo kwa kiwango alichokitaja. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata, na mtiririko wa wapya ulipokatika, mnara wote ulianguka mwaka huo huo.

Hesabu yake ni rahisi kuifuatilia. Chukulia watu 100 wameweka Sh100,000 kila mmoja, jumla Sh10 milioni, na wameahidiwa faida ya asilimia 30 kila mwezi. Mwezi wa kwanza mwendeshaji anawalipa Sh3 milioni, akizitoa katika zile zile walizoweka. Wote wanafurahi na kuanza kusimulia. Mwezi wa pili anawalipa Sh3 milioni nyingine, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Chunguni imebaki Sh1 milioni. Mwezi wa nne hawezi kulipa tena, na hapo hajajilipa yeye mwenyewe hata senti.

Kwa hiyo mwendeshaji ana njia mbili tu: kuleta watu wapya kwa kasi kubwa zaidi, au kutoroka. Mara nyingi huanza na ya kwanza na kumalizia na ya pili.

Mbinu ya kuleta watu wapya ni kumpa kila mwanachama kamisheni kwa kila anayemwingiza. Hapo ndipo hesabu inakuwa ya kutisha. Mtu mmoja akiingiza watano, na kila mmoja wa hao akaingiza watano wengine, ngazi ya kwanza ina watu 5, ya pili 25, ya tatu 125 na ya nne 625. Ikifika ngazi ya 11, ngazi hiyo peke yake inahitaji watu 48,828,125, na jumla ya wote tangu yule wa kwanza ni 61,035,156.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, wakiwamo vichanga na vikongwe. Kwa maneno mengine, hatua 11 tu zinatosha kuwamaliza karibu wote waliomo nchini, na hatua ya 12 ingehitaji watu zaidi ya milioni 244 ambao hawapo. Aidha, katika mpangilio huo watu wanne kati ya kila watano wapo ngazi ya mwisho wakati wowote mchezo unaposimama. Hao ndio walioweka bila kuvuna.

Somo la DECI

Watanzania wamekwisha kulipa ada ya somo hili. Kati ya mwaka 2007 na 2009 taasisi iliyojulikana kwa jina la DECI ilikusanya fedha kutoka kwa maelfu kwa maelfu ya wananchi kwa utaratibu ulioitwa “kupanda mbegu”. Mwanachama alipanda fedha na kuahidiwa mavuno makubwa kuliko alichopanda. Lugha ya mbegu na mavuno, pamoja na kuhusishwa kwa watumishi wa makanisa, viliwafanya wengi waone kwamba kutilia shaka ni kukosa imani.

Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, akaunti zikazuiwa na viongozi wa DECI wakafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam. Walishitakiwa kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani wakurugenzi wanne.

Mambo mawili katika kisa hicho yanastahili kukumbukwa. La kwanza, wanachama wengi waliilaumu Serikali kwa kuzuia fedha, wakiamini kwamba ingewaacha wangevuna. Hawakuona kwamba mavuno yao yangetoka mfukoni mwa jirani ambaye hajajiunga bado. La pili, kati ya siku ambayo fedha zilizuiwa na siku ya hukumu ilipita miaka minne. Ada ya shule haisubiri miaka minne.

Miaka iliyofuata ilileta majina mengine. Mwaka 2020 mwendeshaji wa mradi uliojulikana kama Mr Kuku, ulioalika watu kuwekeza katika ufugaji wa kuku kwa ahadi ya faida kubwa ndani ya miezi michache, alifikishwa mahakamani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 zamu ilikuwa ya LBL, ambayo wanachama wake waliweka fedha ili walipwe kwa kutazama picha za video kwenye simu. Polisi waliwakamata watu katika mikoa kadhaa baada ya wanachama kuanza kulalamika.

Mbegu, kuku, video: bidhaa inabadilika, mfumo haubadiliki. Sarafu ya kidijitali ni vazi la hivi karibuni tu.

Sarafu za kidijitali ni nini hasa?

Ni vyema kutenganisha sarafu zenyewe na ulaghai unaofanywa kwa jina lake. Bitcoin, ya kwanza na maarufu kuliko zote, ilielezwa katika waraka wa mwaka 2008 uliotiwa jina la Satoshi Nakamoto na ikaanza kutumika mwaka 2009. Haitolewi na benki kuu yoyote. Miamala yake huandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na idadi ya sarafu hizo imewekewa ukomo wa milioni 21.

Bei yake hupangwa na wanunuzi na wauzaji peke yao. Mwezi Novemba 2021 Bitcoin moja ilivuka Dola 60,000 za Marekani, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya Dola 20,000. Anayenunua sarafu ya kweli anaweza kupata faida au kupoteza sehemu kubwa ya fedha yake. Hakuna aliye mkweli anayeweza kumwahidi kiwango maalumu cha faida kwa siku, kwa kuwa hakuna ajuaye bei ya kesho.

Ulaghai unaanzia hapo. Mlaghai huchukua jina ambalo watu wamelisikia bila kulielewa, kisha huliambatanisha na ahadi ambayo sarafu yenyewe haiwezi kuitimiza. Mara nyingi hakuna sarafu yoyote inayonunuliwa. Kinachoonekana kwenye simu ya mteja ni tarakimu zilizochapwa na mwenye tovuti, na mwenye tovuti anaweza kuziongeza kadiri apendavyo.

Kisa cha OneCoin kinalionesha hilo waziwazi. Ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, mzaliwa wa Bulgaria, ambaye mwezi Juni 2016 alipanda jukwaani Wembley, London, mbele ya maelfu ya wafuasi akitamba kwamba sarafu yake ingeipiku Bitcoin. Sarafu hiyo haikuwa na daftari la pamoja la kweli, na bei yake ilipangwa na kampuni yenyewe. Iliuzwa kwa mtindo wa kuingizana hadi Uganda, ambako watu wa kipato cha chini waliuza mali ili wajiunge. Oktoba 2017 Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na kutoweka. Waendesha mashitaka wa Marekani wanakadiria kwamba watu duniani walitoa takriban Dola bilioni nne. Mshirika wake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 huko New York mwaka 2023.

Uganda iliumizwa tena Desemba 2019, pale kampuni ya Dunamiscoins ilipofunga milango na kuwaacha maelfu ya waliowekeza wakipiga hodi kwenye ofisi tupu.

Jinsi tangazo linavyopotosha

Wananchi wengi hudhani kwamba tangazo lililotokea Facebook, Instagram au YouTube limekaguliwa na mtu fulani. Dhana hiyo ni hatari. Nafasi ya tangazo hununuliwa kwa kompyuta ndani ya dakika chache, na mnunuzi anaweza kuchagua aonekane kwa watu wa umri fulani, nchi fulani na wenye shauku fulani, kwa mfano wanaotafuta kazi au mkopo. Likifutwa leo, kesho linarudi kwa jina jingine.

Facebook ilipiga marufuku matangazo ya sarafu hizo Januari 2018, na Google ikafuata mwaka huo huo, ingawa baadaye zote mbili zililegeza masharti. Mwaka 2018 pia, mwandishi wa masuala ya fedha wa Uingereza, Martin Lewis, aliishitaki Facebook baada ya picha yake kutumika katika matangazo mengi ya ulaghai ambayo hakuyajua. Aliiondoa kesi hiyo mwaka 2019 baada ya kampuni kukubali kutoa Pauni milioni tatu kwa mradi wa kupambana na ulaghai na kuweka njia ya kuripoti matangazo ya namna hiyo.

Tangu wakati huo mambo yamezidi kuwa magumu. Programu za akili bandia sasa zinaweza kuunda video ambamo kiongozi, mhubiri au mfanyabiashara mashuhuri anaonekana akizungumza kwa sauti yake mwenyewe, akisifia mradi ambao hajawahi kuusikia. Uso na sauti si ushahidi tena.

Ushuhuda nao hutengenezwa. Katika kikundi cha WhatsApp au Telegram chenye mamia ya wanachama, makumi wanaweza kuwa namba za watu wale wale wachache, wakipeana hongera na kurusha picha za miamala iliyofanikiwa. Mgeni akiuliza swali gumu, huondolewa. Anayebaki haoni ila shangwe.

Uingereza imejaribu kuweka mipaka ambayo inaweza kutumika kama kipimo popote. Tangu Oktoba 8, 2023, matangazo ya sarafu za kidijitali kwa wateja wa nchi hiyo yanatakiwa kuonya waziwazi kwamba mteja anaweza kupoteza fedha zote, mteja wa mara ya kwanza apewe saa 24 za kutafakari, na zawadi za kumleta rafiki zimekatazwa. Msomaji akilinganisha masharti hayo na tangazo lililoko kwenye simu yake, ataona kwamba tangazo la kilaghai hufanya kinyume cha yote matatu: halitaji hasara, linahimiza haraka, na linalipa kwa kuleta wenzake.

Hatua tano za mtego

Pamoja na tofauti za majina, safari ya anayetapeliwa hufuata njia inayofanana.

Kwanza ni mwaliko. Huenda ukatoka kwa mtu asiyejulikana, lakini mara nyingi zaidi unatoka kwa shemeji, mwalimu, mwanakwaya mwenzake au mjumbe wa kikundi cha kuweka na kukopa. Yeye mwenyewe anaamini, kwa kuwa amekwisha kulipwa mara moja.

Pili ni malipo madogo ya kuvuta imani. Mtu anaweka Sh20,000, baada ya siku tatu anatoa Sh26,000. Muamala umefika kweli kwenye simu. Hapa wengi hufanya kosa la kufikiri kwamba mradi unaolipa ni mradi halali. Chambo nacho ni chakula halali. Samaki haumizwi na chambo bali na ndoana.

Tatu ni shinikizo la kuongeza. Kuna “ngazi ya dhahabu”, kuna “ofa ya mwisho wa wiki”, kuna asilimia kubwa zaidi kwa atakayeweka milioni moja. Hapa ndipo mauzo ya kahawa, mkopo wa benki na hata akiba ya kikundi huingia.

Nne ni kikwazo cha kutoa. Ghafla akaunti inahitaji “kuhakikiwa”, au kodi ilipwe kwanza. Jukwaa la CBEX, lililodai kufanya biashara kwa akili bandia na kuwavuta watu Nigeria na Kenya, lilizuia utoaji wa fedha Aprili 2025, kisha likawataka wateja waongeze Dola 100 au 200 ili akaunti zao zihakikiwe. Waliolipa walipoteza mara ya pili.

Tano ni “mwokozi”. Wiki chache baadaye anajitokeza mtu anayedai kuwa wakili, polisi wa mtandao au mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa, naye anaomba malipo ya awali. Huyo kwa kawaida ni mlaghai mwingine, au yule yule, akitumia orodha ya waliokwisha kuliwa.

Kuna pia mtego wa taratibu zaidi, ambao mtu asiyejulikana huanzisha urafiki au uchumba kwa ujumbe “uliokosewa namba”, na baada ya miezi ya mazungumzo matamu humfundisha rafiki yake kuwekeza katika sarafu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Cambodia huenda walikuwa wakilazimishwa kufanya ulaghai wa aina hiyo. Miongoni mwa waliookolewa katika kambi hizo wamo Wakenya na Waethiopia waliodanganywa kwa matangazo ya ajira nzuri Thailand. Tangazo la kazi na tangazo la uwekezaji yanaweza kuwa milango miwili ya nyumba moja.

Sheria inasemaje?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma ikieleza kwamba sarafu halali nchini ni Shilingi ya Tanzania na kuwatahadharisha wananchi dhidi ya kuuza, kutangaza na kutumia sarafu za kidijitali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko ya teknolojia hiyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia tatu kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Walaghai wameitumia kodi hiyo kama hoja kwamba “Serikali imeruhusu”. Hoja hiyo haina msingi. Kutoza kodi si kutoa leseni, na leseni yenyewe si dhamana kwamba mtu hatapata hasara. Nchi jirani ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizo mwaka 2025, lakini hata huko sheria haigeuzi ahadi ya asilimia mbili kwa siku kuwa kweli.

Kuhusu upatu, sheria haina utata. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, inafanya kuendesha upatu kuwa kosa la jinai, na kupokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu ni kosa jingine. Anayewashawishi wenzake na kupokea kamisheni asijidhani kuwa ni shahidi tu. Anaweza kujikuta akijibu maswali ya polisi, na hata akiachiwa na dola, atabaki na ukoo, kigango na kijiji vinavyomdai.

Maswali matatu kabla ya kutuma

Mwananchi hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili ajilinde. Maswali matatu yanatosha kuchuja sehemu kubwa ya mitego.

Swali la kwanza: faida inatoka wapi? Mwenye duka hupata faida kwa tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Mvuvi kwa samaki. Serikali hulipa riba ya hatifungani kutokana na mapato yake. Kama jibu ni “mfumo”, “roboti” au “wanachama wapya”, swali halijajibiwa. Kiwango nacho ni kipimo. Hatifungani za Serikali za muda mrefu kwa miaka ya karibuni zimelipa kati ya asilimia 10 na 16 kwa mwaka. Anayeahidi asilimia mbili kwa siku anadai kwamba Sh100,000, faida ikiachwa ndani, itakuwa zaidi ya Sh137 milioni baada ya siku 365. Mwenye uwezo huo hana haja ya fedha za mvuvi.

Swali la pili: nani amempa leseni? Hati ya usajili wa kampuni kutoka Brela na namba ya mlipakodi vinaonesha tu kwamba kampuni ipo. Haviiruhusu kukusanya fedha za umma. Benki na taasisi za kukopesha husimamiwa na Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Mawakala wa hisa na mifuko ya uwekezaji ya pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Saccos hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kuthibitisha kufanywe kwa msimamizi mwenyewe, si kwa kiungo kilichotumwa na muuzaji.

Swali la tatu: nikitaka fedha yangu yote leo, naipataje? Kutoa kiasi kidogo hakuthibitishi chochote. Masharti ya kutoa yasipoandikwa, au yakidai malipo mengine kwanza, fedha hiyo imekwisha kwenda.

Pamoja na maswali hayo zipo kanuni chache za kila siku. Namba ya siri ya simu, namba ya uthibitisho inayotumwa na benki, na yale maneno 12 au 24 yanayofungua mkoba wa sarafu za kidijitali hapewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ofisa wa kampuni. Programu ya simu isipakuliwe kwa kiungo cha kwenye kikundi. Fedha ya biashara halali isitumwe kwa namba binafsi ya mtu. Aidha, kwa kubonyeza *106# kila mtu anaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa laini ya mtu mwingine ndiyo nyenzo kuu ya tapeli.

Aliyekwisha kutuma afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuacha kuongeza fedha, hata kama anaambiwa amebakiza hatua moja. La pili ni kupiga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao au benki aliyotumia, kwani muamala unaoripotiwa mapema una nafasi kubwa zaidi ya kuzuiwa kabla fedha haijatolewa kwa wakala.

La tatu ni kutunza ushahidi: ujumbe, namba za miamala, majina yaliyotokea wakati wa kutuma, na picha za mazungumzo. Usiondoke kwenye kikundi kabla ya kuvihifadhi. La nne ni kuripoti polisi na kupata namba ya taarifa. Ujumbe wa kitapeli wa simu hutumwa kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili hiyo, ukifuatiwa na namba ya aliyeutuma.

La tano ni gumu kuliko yote, nalo ni kuwaambia wengine. Aibu ndiyo mlinzi mkubwa wa tapeli. Mtu aliyeingiza ndugu zake hunyamaza akitumaini kwamba mambo yatatengemaa, na katika ukimya huo ndugu wengine kumi huingia.

Wajibu wa walioko mjini

Wasomaji wengi wa mijini wana jamaa katika sehemu kama Lituhi, Liuli, Mbamba Bay au Mbinga. Kwa jamaa hao, mtu wa mjini mwenye kazi ya ofisini ndiye benki ya ushauri. Neno lake la “mimi nimejiunga” lina uzito kuliko tangazo lolote, na neno lake la “subirini kwanza” vilevile.

Njia halali za kukuza fedha zipo, ingawa hazina mbwembwe: akaunti ya benki yenye kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, mifuko ya pamoja kama ya UTT Amis, hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, dhamana za Serikali, Saccos zenye leseni na vikundi vya kijamii vilivyosajiliwa na halmashauri. Hata hizo hazikosi hatari; bei ya hisa hushuka na kikundi huweza kuwa na mweka hazina asiye mwaminifu. Lakini kila moja ina mahali pa kupeleka malalamiko, penye mlango na jina.

Kwa mvuvi anayengoja giza lirudi ili ashushe taa majini, nyavu mpya inaweza kuwa uwekezaji bora kuliko sarafu yoyote. Itachakaa, itahitaji kushonwa, na siku nyingine itatoka tupu. Hata hivyo mwenyewe anaiona, anajua faida yake inatoka wapi, na hakuna mtu Sofia au Dar es Salaam anayeweza kuizima kwa kubonyeza kitufe.